Mafiga ya Darajani

Jumanne, 15 Februari 1972

…na si kwamba namsifu kwa kuwa sasa ni wangu, Bernadeta. Hata ningeolewa na mtu mwingine ningesema vilevile: hakuna mwanaume anayefunga mlango wa lori kwa upole kama Kasiani. Anaufunga kana kwamba ndani kuna mtoto amelala. Uliponipa daftari hili siku ya harusi ulisema, "Andika kila kitu, Modesta, nikija nisome, maana ukianza kusimulia humalizi." Basi soma.

Uliwahi basi la mjini ukakosa ya darajani. Tulipotoka kanisani tulishuka wote kwa ngoma kuelekea ng'ambo ya mto, kwenye nyumba aliyotupa Bibi Theresia katika shamba la ukoo wetu. Ninyi kwenu bibi arusi ndiye anayebeba mkeka wake akahamia ugenini. Sisi Waluguru bwana arusi ndiye aliyebeba, na Kasiani aliubeba akicheka. Tulipofika darajani tukamkuta Mzee Hatibu, mchimba mchanga wa pale mtoni, amelala chali katikati ya barabara, kanzu yake safi, mikono kifuani kama maiti.

"Hapiti mtu!" akasema. "Huyu Modesta ni mke wangu tangu yuko tumboni. Huyu dereva nimemwazima tu."

Yeye ni Mzigua, mtani wetu. Bibi akamjibu, "Ondoka hapo, mzee usiye na aibu, mchanga umekuingia mpaka kichwani!"

"Siondoki mpaka nipate jogoo. Tena mwekundu."

Jogoo hakuwapo, basi Bibi akaahidi, na Mzee Hatibu akainuka akijipangusa vumbi. Aliniinamia sikioni akasema, "Akikusumbua huyu, rudi kwangu." Nililia kwa kucheka. Kesho ni Jumatano ya Majivu, Padre alituharakisha ili Kwaresima isitukute. Mimi nina furaha ambayo sidhani kama inaruhusiwa wakati wa Kwaresima.

Ijumaa, 18 Februari

Leo lori la ushirika halikuwa na safari. Tulishuka mtoni, mimi nifue na yeye anitazame. Lakini naye akafua. Alifua kanga yangu, Bernadeta, mbele za watu!

Baadaye tukakaa kivulini chini ya daraja. Nimepita juu yake tangu nikibebwa mgongoni, lakini sikuwahi kulitazama kutoka chini. Lina matao mawili na nguzo moja katikati ya mto. Nguzo ina pua iliyochongoka kuelekea maji yanakotoka, ili mto ukifika ugawanyike wenyewe bila ugomvi. Kasiani alinionyesha mawe ya tao yalivyochongwa, membamba upande wa chini na mapana upande wa juu, kila moja limeliegemea jirani yake, mpaka lile la katikati kileleni linalofunga yote. Hakuna nondo hata moja.

"Yote yanataka kuanguka," alisema, "na kwa kuwa yanataka kwa wakati mmoja, hakuna linalopata nafasi."

Nikamwambia hiyo ndiyo ndoa. Maji ni machache siku hizi na yametulia, kila tao lilikuwa limekamilishwa na kivuli chake majini, pete mbili kamili. Zetu, nilisema.

Ndipo nilipoyaona. Kuzunguka mguu wa nguzo kuna mawe yamelala tu, hayakushikwa na chokaa, bapa, yote kimo kimoja, yana makovu ya tindo. Nyumbani tunapikia juu ya vidongo vya udongo ambavyo Bibi alituwekea kwa muda, na sufuria linainama.

"Kasiani, nataka yale yawe mafiga yangu."

Akasita. "Hayo ni ya daraja."

"Daraja liko juu. Hayo ni mabaki ya mafundi."

"Labda yana kazi."

"Kazi gani, nayo yamelala? Kama unanipenda, nibebee matatu."

Akayabeba. Mawili begani, moja kwapani, akapanda nayo mlima akiimba wimbo wa kanisani kwa maneno ya mapenzi. Mungu amsamehe. Mimi nimeshamsamehe.

Jumanne, 22 Februari

Mafiga yangu! Sufuria limekaa juu yake kama Askofu kitini. Maharage yanaiva upande wote kwa mara moja.

Kasiani na mimi tumepatana ishara. Akifika darajani jioni anapiga honi mara mbili, nami najua niinjike maji ya ugali. Akimaliza kupanda mlima na kuosha mikono, ugali uko mezani. Leo nilisikia honi nikajikuta nimesimama nimeukumbatia mwiko kifuani kama mjinga.

Bibi alikuja kuona jiko. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, basi akainama akapapasa figa kwa kiganja, polepole, kwenye yale makovu ya tindo.

"Mjomba wangu alibeba mawe kama haya," alisema. "Toka juu mlimani mpaka mtoni, na nyuma yake mtu mwenye kiboko. Mgongo wake ulibaki umepinda mpaka tunamzika. Umeyatoa wapi?"

"Yalikuwa yamelala mtoni, Bibi."

"Figa la kuokota halina mwenyewe. Hili lina mwenyewe."

Wazee wana mambo. Nilimpa chai.

Jumapili, 27 Februari

Baada ya misa Umoja wa Wanawake walinitaka niwaonyeshe jiko bora, kwa kuwa nimesoma mpaka Fomu Four na nilifaulu maarifa ya nyumbani. Walijaa jikoni kwangu mpaka wengine wakachungulia dirishani. Nilieleza mafiga yaliyo sawa yanavyookoa kuni, nikatumia neno "maendeleo" mara nyingi sana. Furaha, jirani yangu, ambaye naye ameolewa mwaka huu, alikaa akayatazama mawe kama mtu anayetazama viatu dukani.

"Mwenzangu, yamebaki?"

"Yamejaa," nikasema. "Mwambie mumeo tu."

Ijumaa, 3 Machi

Furaha amepata yake. Veronika, mke wa Mwenyekiti, amepata manne, moja la kukalia. Yanaitwa "mafiga ya Modesta". Nilijifanya naona haya.

Jumamosi, 11 Machi

Mzee Hatibu alipita na koleo begani. Hapiti bila neno.

"Mke wangu, mto wenu umekuwaje? Daraja mmelivua viatu!"

"Wewe mwenyewe umevivaa lini?" nikamjibu, maana alikuwa peku.

Akacheka mpaka akashika mti. "Jogoo wangu yuko wapi?"

"Bado yai."

"Basi ukimwatamia mwenyewe uniite!"

Jumanne, 14 Machi

Mvua.

Ijumaa, 17 Machi

Mvua. Masika yameingia kwa miguu yote miwili. Kutoka huku juu unausikia mto. Honi mara mbili, ikiwa imechelewa, nikamkausha kichwa kwa kitambaa chetu kizuri cha harusi.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Matope. Kabeji za ushirika lazima ziende mjini au zioze, basi anaenda kila siku. Nampenda hata akiwa na matope. Hasa akiwa na matope.

Alhamisi, 23 Machi

Utanisamehe mwandiko.

Alasiri mvua ilikatika na jua likatoka kali. Nilikuwa uani napepeta mchele. Nikasikia honi. Mara moja. Nikangoja ya pili na ungo uko hewani. Haikuja.

Bernadeta, sijui nilitokaje. Nilijikuta njiani peku, ungo bado mkononi. Nilipofika kwenye kona inayoonyesha mto, nililiona lori limesimama juu ya daraja, juu ya nguzo hasa, limeinama kidogo upande wa juu wa mto kama mtu anayesikiliza. Ukingo wa daraja ulikuwa umefunguka, na kutoka pale ufa umeshuka mpaka kwenye tao, mwembamba, mweusi. Watu wanapiga kelele pande zote mbili, huyu anamwambia ruka, yule anamwambia usiruke. Nami nilimwona mume wangu ndani ya kioo, ametulia, anarudisha lori nyuma inchi kwa inchi, kwa upole uleule anaofungia mlango.

Lilipogusa barabara ngumu nilikaa chini kwenye matope.

Ndipo nikatazama mto. Maji yalikuwa mekundu, yanapiga pua ya nguzo, na badala ya kugawanyika yalikuwa yanapiga mbizi. Yanaingia chini. Palepale, kuzunguka mguu, palipokuwa na mawe yamelala.

Mzee Hatibu alikuwa amesimama karibu yangu. Alinitazama, akatazama pale nilipokuwa natazama. Safari hii hakunitania.

Jumamosi, 25 Machi

Bwana Leonard wa idara ya barabara alikuja na Landrova kutoka mjini. Alifungwa kamba kiunoni akashuka, wanaume wakimshikilia, akachoma-choma chini ya nguzo kwa ufito mrefu. Alipanda ameloa mpaka kofia.

"Tao likipata ufa," alisema, "usiliulize tao. Uliza mguu. Mto wa mlimani ukijaa haulisukumi daraja, unalichimba. Ndiyo maana waliojenga waliacha mawe mazito yamelala huru kuzunguka nguzo. Hayakusahauliwa. Maji yakichimba, mawe yanazama yenyewe na kuziba shimo. Sasa hapa sikuti hata moja. Yamekwenda wapi?"

Mtu mmoja akakohoa. Tulikuwa wanawake wengi pale, tumejifunika kanga, na kila mmoja wetu asubuhi ile alikuwa amepikia uji juu ya daraja.

"Ni wachimba mchanga," akasema Mwenyekiti Stefano.

Lori limepigwa marufuku kuvuka. Kabeji zitavushwa kwa vichwa.

Jumapili, 26 Machi

Matawi. Tulitoka misani na matawi yetu ya mitende mkononi, tukaenda mkutanoni nayo vilevile. Sijui kwa nini hilo linaniuma kuliko mengine.

Mwenyekiti alisimama akasema kijiji chetu kinajitegemea, na mtu anayechota mchanga wa wote akawauzia wajenzi wa mjini kwa faida yake peke yake ni kupe. "Kupe" alilirudia. Mzee Hatibu alisimama na kofia yake mkononi.

"Mwenyekiti, mimi nachota kule bondeni. Mchanga ule umeshapita daraja. Mimi nakula makombo ya mto. Mtu anayekula makombo amemwibiaje mwenye nyumba?"

"Basi nani? Tuambie wewe unayeshinda mtoni."

Hapo, Bernadeta. Hapo akageuza uso akatutazama. Alimtazama Furaha, akamtazama Veronika, akafika kwangu. Alikuwa ameona kila kitu, ameona waume zetu wakipanda mlima na mawe begani, alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba tumelivua daraja viatu, nami nikamjibu kwa utani kwa kuwa mtani ndiye mtu unayemsikiliza bila kumsikia. Nikangoja ataje jina langu. Nusu yangu iliomba alitaje. Nusu nyingine ilikuwa imeshika mkono wa Kasiani, na shingo ya Kasiani ilikuwa inatoka jasho.

"Sijui," alisema Mzee Hatibu. "Mimi macho yangu yako kwenye mchanga."

Makoleo yake yamechukuliwa. Ameambiwa arudi kwao Mwembesongo, kule mjini.

Nilikuwa na mdomo. Nina cheti cha kuzungumza mbele ya watu, kiko kwenye sanduku.

Jumatatu, 27 Machi

Sikuweza kula. Kasiani alidhani ni mimba, akafurahi, na furaha yake ikanifanya nilie zaidi.

Ijumaa Kuu, 31 Machi

Mzee Hatibu ameondoka leo kwa miguu, mkeka na sufuria yake kichwani. Njia ya Msalaba ilikuwa inapita upande huu na yeye anapita upande ule. Nilitoka kwenye mstari nikamfuata mpaka mwanzo wa daraja. Nilikuwa sijui nitasema nini. Nikasema, "Mzee, jogoo wako…"

Ningetoa chochote anitukane. Aniite mwizi, aniite mke asiyejua kupika. Alishika kofia kwa adabu.

"Kwaheri, mama," alisema. "Msalimie bwana."

Mama! Kama ninavyoitwa na watu wa benki. Alivuka akipita katikati kabisa ya barabara, pale alipolala siku yetu.

Jumamosi, 1 Aprili

Kitubio. Foleni ilikuwa ndefu, na nilipoangalia mbele yangu wengi walikuwa walewale waliochungulia dirishani kwangu. Tulisogea bila kusalimiana. Nilimweleza Padre yote, mawe, maneno "kama unanipenda", kunyamaza. Akasogea karibu na dirisha la kitubio.

"Mwanangu, Mungu anakusamehe hapa. Lakini yule mzee hakuhukumiwa humu ndani. Alihukumiwa nje, juani."

Jumapili, 2 Aprili

Pasaka. Nilivaa gauni la njano analolipenda. Nilipika wali kwenye mawe yale. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo baya.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimegombana na Kasiani, mara ya kwanza. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kama ya mtu mwingine.

Nilimwambia lazima tuseme. Akaweka kikombe chini.

"Maji yakipungua nitayarudisha. Jioni moja, kimyakimya. Daraja litapona, hakuna atakayejua."

"Na Mzee Hatibu?"

"Mambo yakipoa atarudi mwenyewe."

"Na kama hakuna anayemwita, atarudije?"

"Modesta, mimi ni mgeni hapa. Nyumba ni ya ukoo wako, shamba ni la ukoo wako. Mimi nina lori tu, na lori ni la ushirika. Wakisema dereva ndiye aliyelibomoa daraja analopitisha lori lao, mimi nabaki na nini?"

Sikuwahi kufikiri kwamba Kasiani anaogopa. Nilidhani mwanaume aliyerudisha lori lile inchi kwa inchi haogopi kitu. Kumbe pale juu alikuwa na maji na mawe tu, na hapa ana watu. Nikamwona mdogo. Halafu, sijui nieleze vipi, nikamwona wangu zaidi, maana yule wa kwanza nilikuwa nimemtunga mimi.

Nikamwambia, "Ni mimi niliyesema. Wewe ulibeba tu."

"Nilibeba kwa sababu uliniuliza kama nakupenda," alisema. "Ungeniuliza jambo lingine ningekataa."

Akatoka bila kunywa chai. Jioni lori liko ng'ambo, hakuna honi.

Jumamosi, 8 Aprili

Leo ilikuwa msaragambo, kijiji kizima darajani kujaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga penye shimo. Mto umeshuka. Bwana Leonard alikuja kusimamia. Kasiani aliamka kabla yangu akaenda kwenye lori lake.

Nilizima moto. Nilingoja mafiga yapoe, nikachomoa lile la upande wa mlango, likaacha shimo jeusi. Nikasokota ngata, nikajitwika. Bernadeta, lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Kasiani alikuwa amebeba matatu akiimba. Njiani nilisimama, shingo inauma, nikamfikiria yule mjomba wa Bibi, ambaye alilibeba mara ya kwanza bila kupenda, nikaona aibu kupumzika.

Watu walianza kunitazama kabla sijafika. Upande mmoja wa jiwe ni mweusi kwa masizi na mafuta yetu ya wiki zote hizi, hakuna namna ya kusema ni jiwe la kitu kingine. Nilifika mbele ya Mwenyekiti nikalishusha, likaanguka kwa kishindo.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema. "Hili nimelipikia. Lilikuwa mguuni mwa daraja, nililiomba mimi, na mimi ndiye niliyewaambia wengine kwamba yamejaa. Mzee Hatibu hakuchukua hata moja. Alijua, na hakututaja."

Watu wakatua makoleo.

Ndipo Furaha, Mungu ambariki na mdomo wake, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka ng'ambo, "Mwenzangu, ungeniambia jana. Leo nimebandika maharage."

Mtu akacheka, akajiziba. Mwenyekiti alifungua mdomo kunikemea, nikaona. Lakini Veronika mkewe alikuwa ameshageuka anapanda mlima. Mwenyekiti akamfuata kwa macho muda mrefu, halafu akatazama viatu vyake. Veronika alirudi na lile lake la kukalia kichwani, akaliweka juu ya langu. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Si wote. Wapo ambao najua wameyajengea msingi wa nyumba na hawatayatoa mpaka kiama, nao walikaa pale wakijaza mchanga wao kwa bidii kubwa. Lakini rundo lilikua, jeusi, linanuka moshi na vitunguu.

Bwana Leonard aliokota moja akaligeuza, masizi yakampaka mikono. "Nimefanya kazi ya madaraja miaka mingi," alisema. "Sijawahi kurudishiwa daraja likiwa limeiva."

Nilitafuta uso mmoja tu. Alikuwa ng'ambo, ameegemea lori, mikono kifuani. Nilimwona akiingia darajani kwa miguu. Alinipita bila kunitazama, akapanda mlima wetu. Nikasema basi, amekwenda kufunga mkeka wake, mgeni anakwenda zake, na haki yake.

Alirudi na mawe mawili yaliyobaki. Yote begani. Haimbi, lakini aliyatua ubavuni kwangu kabisa, na mbele ya watu wote akasema, "Haya niliyabeba mimi. Dereva."

Sijui watamfanya nini. Usiku huu amelala, mkono wake mweusi uko juu ya daftari, naandika kwa kuuzunguka.

Jumatano, 19 Aprili

Mawe yamerudi miguuni. Bwana Leonard aliyapanga mwenyewe, meusi juu, ili yaoshwe. Lori linaruhusiwa kuvuka likiwa tupu. Mwenyekiti amesema suala la dereva "litajadiliwa", na suala la makoleo ya Mzee Hatibu nalo "litajadiliwa". Nilimwuliza barua ya kumwita mzee arudi itaandikwa lini. Akasema nisiharakishe mambo. Nikamwambia mambo niliyaharakisha mwezi wa pili, sasa nataka kuyafuata tu.

Furaha hanisalimii. Halafu jioni alikuja kuomba chumvi.

Jumapili, 30 Aprili

Mvua kidogo. Mawe yameanza kuwa meupe.

Jumatatu, 8 Mei

Leo Kasiani alipeleka kabeji sokoni mjini. Bado ni dereva, waliona hakuna mwingine anayeweza kulivusha lori pale bila kupiga kelele. Jioni nilisikia honi darajani. Moja. Halafu ya pili, ndefu, ndefu, kama mtoto anayechezea honi.

Alipanda mlima akikimbia. Alisema alikwenda Mwembesongo, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akamkuta. Mzee Hatibu yuko kwa dada yake, anawasaidia mafundi kukoroga udongo. Kasiani alimsimulia yote, mawe, Veronika, Mwenyekiti na viatu vyake. Mzee alisikiliza, akampa maji ya kunywa, kwa adabu ileile. Kasiani akaaga. Alikuwa ameshawasha lori aliposikia anaitwa kwa nyuma, mtaa mzima unasikia.

"We dereva wa kuazimwa! Mwambie huyo mla daraja wenu, kama ameshashiba, aniletee jogoo wangu! Na aje mzima, asimpike. Nasikia hana mafiga!"

Bernadeta, nilikaa jikoni nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka Bibi akaja kuuliza nani amekufa. Mla daraja! Ameniita mla daraja.

Yupo jogoo mmoja wa Bibi, mwekundu, mkorofi, anawika hata alasiri. Bibi ameshakubali, ila amesema nimwambie mzee kwamba kichwa cha jogoo kina akili kuliko chake. Nitamwambia. Nitasema na mengine pia, nisiyoweza kuyasema kwa utani, na sijui kama atayataka. Ugali unaiva sasa juu ya vidongo vyetu vya zamani, sufuria limeinama upande wa mlango, Kasiani amelishika kwa kitambaa lisimwagike. Barabara ikikauka tutashuka wote wawili, jogoo kwapani mwangu, nitalivuka daraja kwa miguu Kasiani akinifuata na lori tupu, na kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimesimama mlangoni kwake Mwembesongo.